Kitanda cha Élisée

Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, na kwenye kibanda cha kuchajia simu kwa jenereta kule Birere watu walibanana. Olive, gauni la kitenge cha njano, alisimama pembeni akisoma kitabu kinene cha falsafa. Kijana mrefu mwenye kompyuta kwapani akamchungulia.

"Dada, tangu nifike uko ku page moja tu."

"Kitabu ni nguvu, haingie mu kichwa. Na weye unanivuruga."

"Unaelewa kitu?"

"Hata kidogo," alikiri Olive, wote wakacheka.

Kijana huyo, Élisée, aliandika programu za kompyuta. Olive pia, katika kampuni nyingine.

"Ekipe yetu ni batu kumi na mbili," Élisée alisema. "Babili banaandika programu, kumi banafanya mikutano."

"Kwetu kila asubuhi tunasimama mu mukutano, kila mutu anasema jana alifanya nini. Uongo wa pale, Mungu tu anajua!"

Élisée akamwambia kwamba akichoka na kompyuta huranda mbao, akatengeneza vigoda.

Miezi ikapita kwa simu ndefu za mapenzi kati yao, "chérie" huku, "mon cœur" kule. Jumamosi moja Olive akaenda kwake, mtaa wa Mapendo, bila kumwambia. Akamwona uani, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, akiunga kitanda kipana cha watu wawili. Jirani akamnong'oneza, "Anaoa huyu. Mwanaume hatengenezi vile bure." Olive hakuuliza anaoa nani. Akageuka kabla Élisée hajamwona, moyo ukimuuma.

Tangu hapo hakupokea simu. Élisée, masikini, alichambua kila neno alilowahi kumwambia, kama anayetafuta kosa kwenye programu, asilione. Kutwa anahangaika na mashine, lakini kwenda kumuuliza msichana ana kwa ana hawezi! Wanaume wengine wanachosha.

Kisha vita vikafika Kibumba, watu wakamiminika mjini. Tantine Marcelline, shangazi aliyemlea Olive, akakata shauri: kesho wakimbie kwa boti ya Bukavu. Olive akakubali, halafu miguu ikampeleka Mapendo.

Kwenye kile kitanda walilala mama mmoja aliyekimbia Kibumba na watoto wake. Élisée alikaa chini, mlangoni.

"Kesho naenda Bukavu. Na bibi-arusi iko wapi?" Olive aliuliza.

"Bibi-arusi gani?"

"Ule ulimutengenezea kitanda."

Élisée akamkodolea macho. "Olive, ile kitanda ni ya weye! Nilitaka imalizike kwanza, njo nikuulize."

"Unatengeneza kitanda yangu mbele ya kuniuliza kama nitakubali?"

"Niliogopa. Sasa iko na bageni, sina kitu. Lakini nakupenda. Usiende."

Olive alitaka kumgombeza, akataka kumkumbatia, hakujua aanze na lipi. Akapiga simu.

"Tantine, kesho uende. Miye nabaki."

"Mu vita hii? Unabaki juu ya nani?"

Olive akamnyooshea Élisée simu. "Muambie."

Élisée akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea.

"Jambo, Mama," alisema. "Naitwa Élisée. Nataka kuoa Olive."