Swali Alilolifuta Harumi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Harumi alikuwa na kazi moja: kukata tofu. Bibi yake, ambaye yeye na nusu ya Bastos, mji wa Brazili wenye wahamiaji wengi wa Kijapani, walimwita Bachan, yaani bibi, aliamka kabla ya majogoo, na katika mji ule majogoo si haba. Alisaga soya, akachemsha maziwa yake na kuyagandisha. Harumi alipoingia jikoni, alikuta mgando mweupe umeshatulia kwenye sinia la mbao, unatetemeka kila mlango ulipofungwa. Alichukua kisu kipana, akaukata vipande vya mraba, akavizamisha kimoja kimoja kwenye ndoo ya maji baridi. Kisha Bachan akavipeleka sokoni.

Jumapili hakukuwa na tofu. Jumapili ilikuwa siku ya simu. Saa mbili asubuhi pale Brazili ni saa mbili usiku kule Japani, na hapo ndipo mama yake, Kimie, alipopiga kutoka Hamamatsu, alikokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nyaya za magari. Alipoondoka, Harumi alikuwa na miaka minane. Sasa alikuwa na kumi na mmoja. Alimkumbuka mama yake hasa jioni, wenzake walipoanza kuitwa majumbani mwao na sauti za mama zao, na yeye akiitwa na Bachan, ambaye alimpenda sana lakini hakuwa mama.

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti kikaja kifurushi. Ndani mlikuwa na soksi, pipi za chai, na gemu ya mkononi, ndogo, nyeupe, yenye kioo kinachong'aa. Haikuwa mpya. Upande wa kulia rangi ilikuwa imefifia kidogo, mahali ambapo kidole gumba cha mtu kilikuwa kikikaa. Harumi aliweka kidole chake papo hapo, akakiacha kwa muda mrefu kabla ya kufungua barua.

"Hii gemu nimeicheza mwenyewe miezi mitatu, kila mapumziko ya kazi," mama alikuwa ameandika kwa Kireno. "Usianze upya. Endelea pale nilipoishia, kwenye kijiji cha tatu. Kuna kibao ambapo mchezaji huandika atakalo. Nimekuandikia swali, kwa zile herufi nyepesi za Kijapani unazojifunza Jumamosi. Kwenye karatasi sikuweza, maana Bachan angelisoma kabla yako. Nijibu Jumapili, ndiyo au hapana. Na unijibu kwa moyo wako, usinijibu ili kunifurahisha."

Hapo pakawa na shida. Tangu Aprili, darasa la Kijapani la Jumamosi Harumi alilihudhuria kwa mwili tu. Alinakili kazi ya aliyekaa mbele yake, akili ikiwa uwanjani kwenye mpira wa wavu. Herufi alizozijua barabara hazikuzidi tano. Badala ya kumwendea Bachan, alimwita Jussara, rafiki yake wa nyumba ya pili, msichana mwenye ulimi mwepesi ambaye Kijapani hakukijua hata chembe.

Waliiwasha gemu wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma. Muziki wa filimbi ulisikika, na kwenye kioo kikatokea kipande cha tofu chenye macho mawili kama punje za ufuta, vijiguu vifupi, na jani la kitunguu kichwani.

"Kumbe tofu," alisema Jussara. "Bachan wako ameingia kwenye gemu."

Chini ya picha kulikuwa na mistari miwili ya maandishi. Harumi alibahatisha ule wa kwanza. Kikaja kioo kingine chenye sentensi ndefu, na chini yake alama mbili, duara na X.

"Inasemaje?" aliuliza Jussara.

"Inauliza kama tuko tayari."

"We mwongo. Sura ya Kijapani, jina la Kijapani, na hujui kitu."

"Najua bwana."

"Basi bonyeza X tuanze. Si kwenye mtihani tunaambiwa tia X kwenye jibu sahihi? Duara hilo ni sifuri, na sifuri mimi na wewe tunazifahamu sana."

Wakacheka, na Harumi akabonyeza X. Tofu ile ikadondosha chozi moja, ikainama kwa heshima, kisha muziki ukachangamka. Wao walidhani ni maringo yake tu.

Na jamani, gemu ilikuwa nzuri. Kile kipande cha tofu kiliruka kutoka uyoga hadi uyoga, kutoka mfuniko wa chungu hadi ukingo wa bakuli, na kila kilipotua kilitetemeka mwili mzima kabla ya kusimama wima. Kilipoanguka kwenye supu hakikufa. Kilielea chali, kimenuna, mpaka kijiko kikaja kukichota. Jussara alicheka hadi akashika mbavu. Harumi naye alicheka, halafu akanyamaza. Aliwaza kwamba mama yake alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la kiwandani, akikitazama kitu hiki kinachotetemeka, akikumbuka jikoni kwao. Alitamani kuingia ndani ya kile kioo na kutokea upande wa pili.

"Mbona tumeanzia mwanzo?" aliuliza baadaye. "Mama aliniambia tutaanzia kijiji cha tatu."

"Labda lazima upite kwanza," alisema Jussara.

Harumi alitaka kuamini hivyo, akaamini. Alicheza kila siku baada ya shule, na Ijumaa alasiri akafika kijiji cha tatu. Kibao kilikuwapo, karibu na kisima. Kilikuwa kitupu. Alikisogelea mara tatu, akaondoka, akarudi, kikabaki vilevile. Hapo akafahamu kwamba amekifuta yeye, siku ile alipobonyeza X na kuanza upya. Bachan alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, akiosha vitambaa vya kuchujia. Lakini kumweleza kungemlazimu kueleza na zile Jumamosi. Akaizima gemu.

Jumapili simu ikalia.

"Umesoma kibao?" aliuliza mama. Sauti yake ilikuwa ya tahadhari, si ile ya siku zote.

"Nimesoma, mama."

"Umeelewa vizuri?"

"Nimeelewa."

"Na jibu lako?"

Harumi aliwaza haraka. Mama hawezi kuuliza jambo baya. Pengine anauliza kama gemu imenipendeza, au kama ninamkumbuka.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo kabisa, mama."

"Haya, mwanangu," mama alisema taratibu. "Asante. Mpe Bachan."

Bachan alisikiliza muda mrefu, akaitikia kwa Kijapani, akakata simu. Kisha akakaa kitini polepole na mikono yake juu ya mapaja.

"Umekua," alisema. "Mama yako alikuwa arudi Desemba. Sasa kiwandani wanamtaka abaki mwaka mwingine, na kesho ndiyo siku ya kutia sahihi. Alikuuliza wewe kama unaweza kumngoja, na anasema umejibu bila hata kusita." Akatazama dirishani. "Mimi ningetaka ukatae. Nisingekuwa na haki ya kukwambia, lakini ningetaka."

Yote yakamtoka Harumi kwa pamoja: kibao kitupu, Jussara, ile X, Jumamosi zote alizonakili. Akakimbia kuileta gemu, akarudi hadi kwenye ile sentensi ndefu, akamwekea bibi yake mbele ya macho. Bachan akavaa miwani.

"Inauliza: Safari ya zamani itunzwe? Duara ndiyo, X hapana."

"Duara ndiyo?"

"Kwa Wajapani, mwalimu akiipenda kazi yako huizungushia duara. X ni kosa. Hujaona kwenye daftari lako la Jumamosi?"

"Mimi nilidhani duara ni sifuri."

Bachan alitaka kucheka, akajizuia. "Hilo la alama limekwisha, kila mtu hukosea. Linaloniuma ni hili la leo asubuhi. Mama yako amekuuliza kwa mdomo wake kama umesoma."

"Niliona aibu."

"Ungeiona kwangu Ijumaa ingekuwa aibu ya dakika mbili. Sasa umeibadilisha kwa mwaka mzima."

"Mpigie basi, Bachan. Mwambie wewe."

"Mdomo uliosema uongo ndio utakaoufuta," alisema Bachan, akabonyeza namba na kumpa simu.

Mama alipokea mara moja.

"Mama, nilikudanganya," alisema Harumi. "Sikusoma. Nilikifuta kibao kwa kutojua, nikaona aibu kusema. Sikujua ulikuwa unauliza nini."

Alisikia mama yake akishusha pumzi ndefu.

"Ngoja nikae," alisema mama. Kisha, taratibu: "Haya, nakuuliza mwenyewe. Harumi, unaweza kuningoja mwaka mmoja tena?"

Harumi alijua jibu ambalo mtoto mwema angetoa. Alijua na lake.

"Siwezi, mama. Nimeshaanza kusahau unanukiaje."

Mama alilia, na safari hii hakuficha. "Tangu uliposema ndiyo nimesimama hapa najiuliza, mwanangu amezoea lini kuishi bila mimi," alisema. "Kesho nawaambia hapana. Desemba narudi nyumbani."

Harumi aliporudisha simu, alikuwa amelowa machozi hadi kwenye kola. Bachan alimfuta kwa ncha ya aproni yake, akamkalisha karibu naye.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Kutojua si dhambi, na kuuliza si ujinga. Lakini usijibu swali ambalo hujalisoma. Mwenzako hulichukua jibu lako na kupanga maisha yake juu yake. Leo tumewahi kwa sababu umesema kweli mapema. Ungengoja hadi kesho, hata kweli isingetusaidia."

"Nimesikia, Bachan."

Bachan akatafuta penseli na kipande cha karatasi, akaviweka mezani kati yao. Wakaanza na herufi za jina la Kimie.