Kichupa Kilichoguswa

Kila alasiri, baada ya masomo, Chiriku alikwenda maabara alikofanya kazi shangazi yake. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini tangu Bibi afariki alikaa tu kwenye kona, akifanya hesabu kimya. Nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kumfungulia mlango.

Bibi alikufa kwa maradhi ya kusahau. Mwishoni alimsahau hata mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja, na jambo hilo lilimuuma Chiriku kuliko kifo chenyewe. Alipokuwa bado na akili zake timamu, Bibi aliagiza kwamba akifa, ubongo wake wapewe watafiti. Shangazi na wenzake walichunguza mirija midogo mno iliyomo ndani ya seli za ubongo. Walitaka kujua imeundwa kwa protini zipi, na ni zipi zinazoharibika kwa wagonjwa. Mashine moja kubwa ilipima uzito wa vipande vya protini hizo, ndipo wakazitambua.

Siku moja Shangazi alitoka kidogo, akaacha vichupa vya majimaji yenye sampuli za ubongo mezani juu ya barafu. Chiriku alijua fika kwamba ni marufuku kugusa kitu chochote bila glavu. Hata hivyo alifungua kimoja, akachovya ncha ya kidole.

"Kwaheri, Bibi," alinong'ona, kisha akakifunga.

Wiki hiyohiyo alimkuta Shangazi ameinamia kompyuta, macho mekundu. Mashine ilikuwa imeonyesha protini ya ngozi ya mtu, tele, ikafunika nyingine zote. Shangazi alidhani dawa za maabara walizotumia kwa vichupa vyote zilichafuka tangu mwanzo. Alikuwa ameshatoa vichupa vyote vikatupwe, na ubongo wa kuanzia upya haukuwapo.

Chiriku alijua ni kidole chake. Akisema, angefukuzwa mahali pekee alipomhisi Bibi yuko karibu. Akinyamaza, kazi yote ingekwenda jaani.

"Shangazi, usivitupe," alisema. "Ni mimi. Niligusa kimoja tu, hicho ulichopima. Nilitaka kumuaga Bibi."

Shangazi aliketi, akalia. Baadaye akapima kichupa kingine, na majibu yakatoka safi. Ndipo akamwita Chiriku karibu.

"Vichupa hivi havina majina, mwanangu," alisema. "Huenda uliyemgusa ni Bibi, huenda ni bibi wa mtoto mwingine anayelia kama wewe. Alitupatia alichokuwa nacho, nasi tumekipoteza."

Chiriku aliomba radhi, machozi yakimtiririka. Hakuwa amemfikiria huyo mtoto mwingine.

"Kuanzia kesho utanisubiri nje," Shangazi aliendelea, huku akimfuta uso. "Hilo halina mjadala. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini ungenyamaza, ningemwaga mwenyewe hata yale yaliyobaki mtungini. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."