Mkwe wa Kiti cha Mbele

"Dada, boksi limezidi. Punguza au lipia."

"Nipunguze nini? Ni chupa tupu. Hewa nayo mnaipima?"

Foleni ikacheka. Ilikuwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, maonyesho ya biashara yalikuwa yamefungwa jana yake, na kila aliyepanga foleni pale alikuwa na mzigo mwingi kuliko akili. Redempta alikuwa anarudi kwao Singida kupitia Dodoma, kwa tiketi aliyokatiwa na waandaaji wa maonyesho. Alivaa gauni la kitenge cha njano, nywele kasuka twende kilioni, na alikumbatia lile boksi la chupa za kufungashia asali kama mtu anayenyang'anywa mtoto.

Ndipo kadi ya rangi ya dhahabu ilipopita juu ya bega lake na kutua mezani.

"Kilo zake ziingie kwangu," ilisema sauti ya kiume.

Mwenye sauti aliitwa Chediel. Mrefu, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, viatu vya kujitazamia, na kibegi kidogo kisichoweza kumchosha mtu. Alikuwa fundi wa mashine za hospitali. Leo Mwanza, kesho Mbeya, na kwa huko kupanda ndege mara kwa mara shirika lilimpa kadi ya heshima. Mwenye kadi ile hapangi foleni. Anaongezewa kilo, ananywa kahawa ya bure kwenye ukumbi wa wateja maalumu, na viti vya mbele vikiwa wazi anahamishiwa huko yeye na mwenzake mmoja. Chediel aliipenda kadi yake. Mwanamume akipewa kitu cha kung'aa, nyumba nzima itakisikia.

"Kilo za nyongeza ni za mwenye kadi na familia yake," alisema mhudumu wa kaunta. "Huyu ni familia?"

"Ndiyo."

Redempta akageuka. "Tangu lini?"

"Dada, unataka kubishana au unataka chupa zifike?"

Redempta akamkagua kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka, kama anakagua asali iliyochanganywa na sukari. Kisha akamwambia mhudumu, "Niandike shemeji. Mengine sijaamua."

Aliamua mapema kuliko alivyotegemea. Hospitali za Singida nazo zina mashine, na mwaka ule mashine za Singida zilihitaji fundi kupita kiasi. Jioni Chediel akiwa mikoani, simu ilikuwa haikauki.

"Asali wangu, umekula?"

"Usiniite asali. Asali ninaiuza."

"Nikuite nani sasa?"

"Niite kwa jina langu, halafu uniambie lini unakuja nyumbani kujitambulisha. Mama ameanza kuuliza huyo anayepiga simu wakati wa taarifa ya habari ni nani."

Akaja. Akajitambulisha, akaposa, mahari ikapokelewa, na harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Kitu kimoja tu kilimshangaza Chediel, ambaye wazazi wake walitoka Kiomboi, mkoa huohuo wa Singida, lakini yeye alizaliwa na kukulia Dar, tena Kinyiramba chake kiliishia kwenye salamu. Kila alipofika Utemini, mtaa wa kina Redempta pale Singida, mama mkwe wake, Mama Theresia, alimsalimia akiwa nyuma ya pazia la jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe," lilijibu pazia.

"Ana haya?" alimuuliza Redempta.

"Haya gani? Mama yangu huyu, hata mwenyekiti wa soko alimkimbia. Ni mila yetu, Chedi. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawaketi bega kwa bega, na hawashikani mkono hata nyumba ikiungua. Mume wa dada Kristina ana miaka mingi kwenye ukoo huu, na mpaka leo hajui meno ya mama yakoje."

Chediel akacheka. Alidhani nusu yake ni utani.

Kisha Kristina akajifungua kule Dar. Mama Theresia, ambaye hajawahi kupanda ndege, akasema safari hii mjukuu atamwona kabla hajaota meno. Chediel alikuwa na kazi Dodoma wiki hiyo. Akapiga simu akiwa na furaha ya mtu aliyepata jukwaa.

"Tutaondoka wote Dodoma. Safari hii niachieni mimi. Mama ataheshimiwa mpaka ashangae."

"Chedi, mnunulie tu kiti cha dirishani. Inatosha."

"Niachie mimi, mpenzi."

Wakamwachia.

Mama Theresia na Redempta walishuka basi Dodoma, mama akiwa na sweta la zambarau, khanga mbili mpya na raba nyeupe alizonunuliwa kwa ajili ya safari. Chediel aliwavusha foleni nzima kwa kuinua kadi juu. Mama Theresia hakupenda. Huwezi kuwapita watu bila salamu. Akarudi mpaka mkia wa foleni na kumsalimia kila mmoja, akiomba radhi kwa ajili ya kijana. Waliotangulizwa wakawa wa mwisho.

Kwenye mlango wa ukumbi wa wateja maalumu, mhudumu alitabasamu. "Kadi yako inaruhusu mgeni mmoja."

Chediel akamtazama mchumba. Akamtazama mama mkwe, aliyesimama mbali akiwa ameangalia dirisha. Mtu mwenye busara angesema, ingieni nyinyi wawili, mimi nabaki. Hata hivyo kadi ilikuwa na masharti: mwenyewe asipoingia, hakuna anayeingia. Na mtu mwenye busara zaidi angesema, basi tukae wote nje tule karanga. Hilo halikumjia.

"Reddy, subiri kidogo. Nimpe mama heshima yake."

"Chediel, mama hawezi..."

Mlango ulishajifunga.

Ndani kulikuwa na makochi ya ngozi, sambusa, matunda na juisi. Mama Theresia alikuwa ameondoka Singida kabla ya chai, na tumbo lilikuwa linamwambia hivyo kwa sauti. Lakini mkwe alikuwa palepale. Akageuza kochi likatazama ukuta, akajitanda khanga na kukaa. Chediel akaleta sahani ya sambusa akaiweka kando yake. Haikuguswa. Akaleta ya keki. Akaleta tikitimaji. Kila sahani ilipofika, khanga ilishuka zaidi.

Simu ikaita.

"Chediel, mama amekula?"

"Hataki kitu! Labda hapendi sambusa. Nimeagiza mayai."

"Toka humo ndani."

"Nitamwachaje peke yake mgeni wangu?"

"Mtu hali mbele ya mkwe wake! Unamuua mama yangu njaa kwenye chumba cha chakula, na mimi niko huku kwenye kiti cha chuma nimelinda sweta lake. Toka!"

Akatoka akidhani atarudi. Hapohapo ndege ikaitwa.

Huko ndani ya ndege ndiko heshima ilikovuka mipaka. Viti vya mbele vilikuwa vimebaki viwili, vimeshikamana, na kaunta ilikuwa imempa Chediel kama zawadi, yeye na mwenzake. Mwenzake aliyemwandikisha alikuwa Mama Theresia. Alijiambia kuwa mila ni za nyumbani, na angani si nyumbani kwa mtu. Redempta alikuwa nyuma kabisa, karibu na choo, kati ya wanaume wawili walioanza kukoroma kabla ya mlango kufungwa.

Mama Theresia alimwona mkwe akija, akamwona akiketi, akataka kuinuka.

"Mama, tafadhali kaa, tunaondoka," alisema mhudumu wa ndege, na kumfunga mkanda.

Mama akavua khanga ya mabegani, akaishika kati yake na mkwe kama pazia. Mkono mmoja. Alikuwa mwanamke wa jembe. Angeweza kuishikilia hivyo mpaka Dar.

Na angefika nayo, kama si ile milima ya Morogoro. Ndege ilipofika juu yake ilikuta wingu, ikazama kama ndoo kisimani, ikainuka, ikazama tena. Abiria wakapiga kelele. Khanga ikaanguka. Na Mama Theresia akaushika mkono wa Chediel kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, tunakufa!"

"Hatufi, mama. Ni upepo tu."

"Usiniachie!"

"Sikuachii."

Akasali kwa Kinyaturu cha kwao, akasali kwa Kiswahili, kisha, akiamini hana muda, akaungama dhambi zake kwa sauti, mojawapo ikihusu jogoo wa jirani. Chediel hakucheka. Alimwambia apumue polepole, akamfungulia biskuti, akamwambia amwangalie yeye usoni na si dirishani. Mama akatafuna biskuti akimtazama mkwe wake machoni, mpaka magurudumu yalipogusa lami.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa kijana. Akauondoa taratibu kama mtu anayeutoa kwenye mtego.

Kwenye ukumbi wa kuchukulia mizigo akamwita Redempta pembeni, lakini sauti yake haikujua maana ya pembeni.

"Harusi hakuna."

"Mama!"

"Mkwe hashikwi, na mimi nimemshika. Nimekula mbele yake. Nimemwita mwanangu. Sasa ni mwanangu, na mwanangu hawezi kumwoa dada yake. Mambo yamekwisha."

Redempta akamgeukia Chediel. Machozi yalikuwa karibu, ila hasira ilifika kwanza. "Umefurahi? Nilikwambia umnunulie kiti cha dirishani."

"Nilimheshimu mama yako kuliko ninavyomheshimu mtu yeyote!"

"Uliniacha kwenye chuma, ukamketisha mama yangu penye aibu. Kaoane na hiyo kadi. Ina kilo za nyongeza."

Chediel naye ana kiburi chake. Alipakia mizigo yao kwenye teksi, akamuaga mama kwa mbali, akaondoka. Alisubiri simu. Redempta naye akasubiri simu. Watu wawili wenye vocha wakakaa kimya namna hiyo hadi mama na binti waliporudi Singida, na Pasaka inakaribia.

Nyumbani Utemini, Redempta alifungasha asali bila kuimba. Mama Theresia alikaa mlangoni akichambua choroko, akizungusha maneno.

"Yule mtoto anakula vizuri huko?"

"Mtoto wa Kristina?"

"Yule wa kwenye ndege."

Redempta akaweka chupa chini. "Mama, kama unamwonea huruma, mkubali."

"Kumwonea huruma ni jambo moja. Ana mikono mizuri yule, haitetemeki. Lakini nitauambia nini ukoo? Shemeji yako nimemficha uso miaka yote, huyu nimemng'ang'ania kama kupe. Angekuwa ni mgeni tu, mtu ambaye sijawahi kumwona, nisingekuwa na neno naye."

"Mama. Rudia hapo mwisho."

Mama Theresia akarudia. Redempta alikwishaingia ndani kutafuta simu.

"Haloo," alisema Chediel, akiwa amepokea haraka mno kwa mtu mwenye kiburi.

"Uliniacha kwenye kiti cha chuma."

"Nilikuacha. Nilitaka mama yako aone watu wanavyoniheshimu. Sikumuuliza yeye anaheshimiwa vipi. Nisamehe, Redempta. Nimetembea na hilo neno mdomoni tangu siku ile."

"Kwa nini hukupiga?"

"Wewe kwa nini hukupiga?"

Wote wawili wakacheka, cheko la watu waliochoka.

"Mama yangu alisema nini kule juu?" Redempta akauliza. "Amekataa kuniambia."

"Alisali."

"Mengine?"

"Alisali tu, mpenzi."

"Haya. Sikiliza. Jumamosi uje kuposa upya. Hujawahi kufika kwetu. Hunijui, mama humjui, aliyeshikwa mkono kwenye ndege alikuwa mtu baki, na njia utaulizia."

"Njia naijua mpaka na mbwa wa..."

"Utaulizia, Chediel!"

Jumamosi akaulizia. Muuza duka wa kona, aliyemuuzia soda mara nyingi, alimtazama mtu huyu mwenye suti ya kijivu akiulizia kwa Mama Theresia, akasema, "Chediel, umelewa asubuhi yote hii?"

Sebuleni alikaa baba mdogo Mughwai, msemaji wa ukoo, aliyekwisha kufundishwa kazi yake na alikuwa anaifurahia kupita kiasi.

"Mgeni, unatoka wapi?"

"Dar es Salaam, mzee. Asili ni Kiomboi."

"Sura yako ngeni kabisa. Umefuata nini?"

"Nimesikia mna binti. Nimekuja kuposa."

Pazia la jikoni likatikisika. "Mwulizeni huyo mgeni," ilisema sauti ya Mama Theresia, na utani wote ukatoka chumbani. "Mwulizeni, akisafiri na mtu akamwona ameshikwa na hofu, ameropoka maneno, huwa anamcheka?"

Chediel akainamisha kichwa. Sasa alielewa kilichokuwa kimelala nyuma ya mila siku zote hizi: aibu ya yale mama aliyoyaungama angani.

"Simcheki, mzee. Mwambieni mama."

"Huwasimulia watu?" liliuliza pazia.

"Sisimulii."

"Hata mke wake?"

Redempta, aliyesimama mlangoni na gauni jipya la bluu, alimtazama. Alikuwa amemuuliza mwenyewe, na alikwisha kupata jibu lake.

"Hata mke wake," alisema Chediel.

Nyuma ya pazia zikasikika sufuria. "Mpeni mgeni chai," ilisema sauti. "Na mwiteni binti ajibu."

Mughwai akakohoa kwa mamlaka. "Redempta, unamjua mtu huyu?"

"Simjui, baba mdogo."

"Unamtaka?"

"Namtaka."

"Mabinti wa siku hizi!" Mughwai akapiga paja. "Humjui, unamtaka?"

Sebule ikaanguka kwa kicheko. Lakini kicheko kilichopita vyote kilitoka jikoni, kirefu, cha mwanamke aliyetua mzigo. Na mkwe wake, akiwa ameketi wima na kikombe mkononi, aliangalia dari kwa adabu, akajifanya hajasikia kitu.