Benki ya Mama Mkwe

Kila Ijumaa jioni Cleavon Pettway alikwenda benki. Benki yenyewe ilikuwa sebuleni kwa mama mkwe wake, Mama Odessa, mtaa wa pili, hapa mjini Macon.

Cleavon hakuwa na akaunti. Mshahara wake wa kuosha magari uliingia kwenye akaunti ya Mama Odessa. Mama alikaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani, akamhoji.

"Dola arobaini za nini, mwanangu?"

"Mafuta ya gari, mama."

"Na hizi ishirini?"

"Za matumizi."

"Matumizi yana jina. Yataje."

"Mbavu za kuchoma."

"Wiki iliyopita mlikula mbavu. Kuleni maharage. Yako jikoni, nimeshapika."

Renita, mke wa Cleavon, aliona jambo hilo linachekesha. "Mume wangu ana miaka thelathini na minane," aliwaambia watu, "na bado anaomba hela ya soda."

Siku moja Cleavon alipata habari njema. Shule za wilaya zilimtaka aendeshe basi la wanafunzi. Kazi hiyo ilikuwa na bima ya afya ya familia nzima, kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho. Lakini karani wa ofisi alimwambia, "Mshahara wetu unaingia kwenye akaunti yenye jina lako mwenyewe. Tuletee namba kufikia Ijumaa ijayo. Ukikosa, nafasi anapewa anayefuata."

Jumatatu Cleavon aliingia benki ya kwanza. Binti wa dirishani alibonyeza kompyuta, akatazama, akasema, "Samahani, hatuwezi kukufungulia." Benki ya pili wakasema vilevile.

"Wamepigiana simu," Cleavon aliwaza. "Wamepeana sura yangu."

Jumanne asubuhi alinyoa masharubu yake ya miaka kumi na mitano. Akavaa suti ya kanisani na miwani ya mjomba wake, ambayo haikumwezesha kuona vizuri. Akaingia benki ya tatu.

"Samahani, Bwana Pettway," walimwambia.

Alirudi nyumbani amenyong'onyea. Mama Odessa alikuwa mezani na Renita.

"Huyu nani?" aliuliza Mama Odessa.

"Ni mimi, mama."

"Mungu wangu! Kumbe masharubu yalikuwa yanatusaidia."

Renita alimtazama mumewe. "Hebu niambie. Umeficha sura yako, halafu ukawapa kitambulisho chenye jina lako?"

"Walikiomba."

Wanawake wakacheka mpaka machozi. Cleavon hakucheka. Alikaa, akavua miwani, akasema polepole, "Ile bima tutaikosa kwa sababu yangu."

Kicheko kikaisha.

Wakati huo jirani yao Verlene alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha sinia la keki. Verlene alifanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo. Alikaribishwa, akaelezwa.

"Kaka Cleavon," alisema, "benki hazitazami masharubu. Zinatazama kumbukumbu. Kuna kampuni zinazotunza habari za akaunti zilizoharibika. Uliwahi kuwa na akaunti?"

"Miaka mitatu nyuma. Pesa ziliisha, nikaiacha."

"Uliifunga?"

"Ilikuwa tupu, dada! Nifunge nini?"

"Kulikuwa na mtu anayekata pesa humo kila mwezi?"

Cleavon alitazama dari. Renita akajibu kwa niaba yake. "Ukumbi wa mazoezi. Alikwenda mara moja."

"Mara mbili," alisema Cleavon. "Ya pili nilifuata taulo langu."

"Basi hapo ndipo ilipoanzia," alisema Verlene. "Akaunti haifi kwa kuachwa. Ukumbi uliendelea kudai. Benki ikakulipia, ikaongeza faini. Faini zilipozidi, ikaifunga na kupeleka jina lako."

"Kwa hiyo nimenenepa kwa mkopo," alisema Cleavon.

"Msikilize dada wa watu!" alifoka Mama Odessa.

"Kumbukumbu hizo hukaa kama miaka mitano," aliendelea Verlene. "Lakini una haki ya kuomba ripoti yako na kuisoma bila malipo. Ukikuta kosa, andika upinge, nao lazima wachunguze. Ukikuta ni kweli, zungumza na benki ya zamani mkubaliane utakavyolipa. Ukimaliza, dai barua inayosema umelipa."

"Na Ijumaa?"

"Benki hazifanani. Usiombe akaunti yoyote tu. Uliza, 'Mna akaunti ya mtu anayeanza upya?' Sisi tunayo. Haina hundi. Pesa zikiisha, kadi inakataa tu."

"Inakataa mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Lakini hutozwi faini."

"Aibu ya bure," alisema Mama Odessa. "Ichukue, mwanangu."

Cleavon aliinamisha kichwa. "Dada, nitaingiaje ofisini kwenu na mambo haya?"

"Kwa mlango, kama wengine," alisema Verlene kwa upole. "Kila siku nawapokea watu kama wewe. Si wahalifu. Hakuna aliyewafundisha tu."

Kesho yake Cleavon aliomba ripoti kwa kompyuta ya maktaba. Deni lilikuwa kweli. Aliipigia simu benki ya zamani, akakata mara mbili kabla hawajapokea. Mara ya tatu akajikaza. Wakakubali alipe kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Halafu akaupigia ukumbi wa mazoezi kuhakikisha jina lake limefutwa.

"Tunaweza kujua kwa nini unatuacha?" kijana wa huko aliuliza.

"Ndugu yangu, hatukuwahi kuwa pamoja."

Alhamisi akaenda kwa Verlene na kitambulisho, bili ya umeme na dola chache za kuanzia. Verlene alimwekea ujumbe wa simu wa kumwonya salio likipungua. "Tumia vizuri kwa mwaka mmoja," alisema, "tutakupa akaunti ya kawaida." Ijumaa asubuhi namba ilikuwa mezani kwa karani. Kazi ikawa yake.

Siku mshahara wa kwanza ulipoingia, Cleavon alikuwa ndani ya basi tupu. Simu ililia. Alisoma jina lake juu ya kiasi kile, akalisoma tena. Mwezi uliofuata wakapata kadi za bima, moja kwa kila mtu nyumbani.

Jumamosi moja Mama Odessa alimwita. Cleavon alimkuta amevaa kofia, anamsubiri kibarazani.

"Ile ripoti," alinong'ona, "wanampa hata mtu wa umri wangu?"

"Kila mtu, mama. Kwa nini?"

"Kabla ya benki yangu hii nilikuwa na nyingine. Kule Savannah."

"Uliifunga?"

Mama Odessa alirekebisha kofia.

"Mama!"

"Usinipandishie sauti. Washa gari, unipeleke maktaba. Na Renita asijue."

Cleavon alimfungulia mlango wa gari. Kwenye kiti cha nyuma Renita, aliyekuja na mumewe na kusikia yote dirishani, alikuwa ameshaanza kucheka.