Adhana Haikulia

Tausi alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Mgongoni, binti yake Faida, mtoto wa miezi mitano, alilia bila nguvu. Ilikuwa Ramadhani ya wakati wa vita, hapa kwetu Bunia. Mume wa Tausi alikuwa machimboni, na barabara ilikuwa imefungwa. Tausi alifunga, na kila siku alimwombea arudi.

Mbambu, jirani yake Mkristo, aliingia.

"Mama Faida, mutoto iko nalia tangu asubuyi. Hanyonye?"

"Ananyonya, lakini maziwa haitoke. Sijue juu ya nini."

"Jana mangaribi ulikula nini?"

Tausi aliinamisha kichwa. "Sikukula. Nilingojea adhana. Haikulia."

"Na juzi?"

"Haikulia vilevile."

"Aa, Mungu wangu! Siku mbili?"

Ndiyo, siku mbili! Masasi ya bunduki yalilia karibu na msikiti, na mwadhini alijificha kama watu wote. Tausi alikaa mbele ya sahani akitega sikio. Masasi alisikia. Adhana, hapana. Nikila, alijiuliza, saumu itaharibika? Nisipokula, mtoto je? Na dua ninayomwombea baba yake, Mungu ataikubali? Akili ikamzunguka. Akafunika sahani. Kiu ilipomshinda alikunywa maji, kisha akalia, akidhani amekosa. Pole yake!

Mbambu hakutaka kubishana juu ya dini isiyo yake. Alimshika mkono, wakaenda kwa Mwajuma, mwalimu wa Kurani wa wanawake, nyumba ya tatu.

"Mwalimu, niko napotea," Tausi alisema, akaeleza yote.

Mwajuma alimtazama mtoto kwanza. Alikasirika.

"Tausi, nani alikuambia saumu inaisha na sauti ya mutu? Inaisha jua ikiingia. Mwadhini anatujulisha tu. Akinyamaza, jua haimungojee."

"Na siku ya mawingu?"

"Ngojea giza iingie, kisha kula. Tena weye unanyonyesha. Ukiogopa juu ya mutoto, Mungu amekupa ruhusa: kula hata muchana. Hizo siku utazifunga kisha, mutoto akipata nguvu."

"Lakini dua ya bwana yangu..."

"Njaa haiko kitu ya kumuuzisha Mungu! Tunafunga ili roho imukumbuke, ulimi iache matusi, na siye tuhurumie mwenye njaa. Mwenye njaa ni huyu mugongoni kwako."

Tausi alilia. Mwajuma alimpa uji wa soja. Aliunywa, bado na woga. Siku zilizofuata alikula asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne maziwa yalirudi, Faida akanyonya mpaka akasinzia.

Miezi ilipita. Faida alikuwa sasa anakula uji mwenyewe, akimwaga nusu chini. Tausi akaanza kulipa saumu za siku zile. Vita havikuwa vimeisha, na mume alikuwa hajarudi. Jioni ya kwanza masasi yalilia tena, na adhana haikusikika. Tausi akashika kikombe cha maji, akasita kama zamani.

Ng'ambo ya ua, Mbambu alikuwa amesimama, macho upande wa magharibi.

"Mama Faida! Jua imeingia! Kunywa!"

Tausi akasema bismillahi, akanywa.