Ubaridi wa Gereji ya Omolo

Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong wakati Akoth alipomwomba mumewe jambo dogo tu.

"Baba Whitney, nitolee makaa kwa gereji. Gesi imeisha na mtoto anataka uji."

Omolo alijifanya hakusikia. Tangu wamzike mama mkwe wake mwezi wa Novemba, hakuwa amekanyaga gereji ile. Sasa ilikuwa Februari 2003, na joto la Kitengela lilikuwa la kumfanya mbuzi atafute kivuli cha waya.

"Baba Whitney!"

Akanyanyuka, akashika karai, akatoka.

Gereji hiyo aliijenga mwenyewe kwenye kona ya ua, mbali na nyumba. Kuta za mawe, paa la mabati lisilo na dari, mlango wa chuma uliotazama jua la jioni. Dirisha hakuna. Mshumaa ulioachwa rafuni ulikuwa umeinama hadi ukalala. Gari lenyewe alikuwa akiliegesha nje kwa kulihurumia.

Lakini mama mkwe alilala humo.

Mama Keziah alikuja kutoka Siaya kumtunza bintiye aliyejifungua kwa upasuaji. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, lakini kwao mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, wala haketi sebuleni kwake ovyo. Basi wakakubaliana kwamba gereji si nyumba. Wakamtandikia godoro kati ya matairi, na mila ikaheshimiwa. Kila mtu akaridhika, isipokuwa mabati.

Mama hakulalamika. Alitundika gunia lililoloweshwa mlangoni ili upepo uingie ukiwa umepoa, na jioni alinyunyizia sakafu maji. Jambo moja tu aliliomba.

"Baba, toboa matundu pale juu, chini ya paa. Joto hupanda, lipate pa kutokea. Na mabati uyapake chokaa."

"Jumamosi, Mama."

Jumamosi saba zilipita. Kuahidi hakuhitaji ngazi.

Kisha ikaja ile Jumapili. Mzee Wakhungu, mkubwa wake kazini, alikuja na mkewe kumwona mtoto. Omolo alipoona gari lao getini, aliona pia kile watakachokiona wao: bibi kizee kwenye godoro, katikati ya matairi. Aibu ikamshika. Alikwenda mbio, akavuta mlango wa chuma, akasukuma komeo la nje. Dakika tano tu, alijiambia. Ilikuwa saa nane mchana.

Wageni walikula kuku. Walicheka. Waliongezewa chai.

Alifungua saa kumi na moja. Mama alikuwa ameketi juu ya tairi, lile gunia limekauka mapajani mwake, midomo imepasuka. Akafungua kinywa aulize kitu. Sauti haikutoka. Siku tatu baadaye alifariki hospitalini, na Omolo akamwambia mkewe kwamba mama alijifungia mwenyewe, alitaka kupumzika. Akoth aliamini. Hata alimshukuru kwa kuuza ng'ombe wake akanunua jeneza zuri. Shukrani hiyo ilimchoma Omolo kuliko tusi lolote.

Sasa alisimama mbele ya mlango ule akiwa na karai. Chuma kilipaswa kumuunguza mkono.

Kilikuwa baridi.

Akaingia. Ubaridi ukampanda miguuni hadi kifuani, ubaridi wa kisima. Na harufu... gunia bichi, tumbaku ya kunusa. Sakafu ilikuwa imelowa. Maji ya nani? Punda wa Sankale, muuza maji, alikuwa mgonjwa wiki nzima, na nyumbani yalikuwa yamebaki ya uji tu.

Tii... tii... tii...

Kitu kilikuwa kinadondoka huko nyuma, kwenye matairi. Omolo hakutazama. Alijaza makaa kwa mikono, haraka, akimwaga nusu chini.

Nyuma yake mlango ulijifunga.

Komeo likasukumwa. Kwaa.

"Akoth?"

Kile kitu kikaacha kudondoka. Kisha, karibu sana na sikio lake, kwa heshima yote, kama mtu asiyetaka kusumbua:

"Baba... wageni wameondoka?"

Karai likamtoka mkononi. Hakulia kwa hofu, ingawa hofu alikuwa nayo. Alilia kwa aibu. Miezi mitatu alikuwa akijiuliza mama alitaka kusema nini siku ile, akidhani ni laana. Kumbe alitaka tu kujua kama tayari anaruhusiwa kuonekana.

"Wameondoka, Mama," alisema. "Wameondoka."

Nje alisikia ndara za Akoth.

"Wewe! Nani amefunga hii komeo?"

"Ni mimi."

"Uko ndani, utafungaje komeo la nje?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na cha mama kilikuwa kimemsubiri vya kutosha.

"Siku ile, Akoth. Siku ya Mzee Wakhungu. Mama hakujifungia. Nilimfungia mimi, nilimwonea aibu."

Ndara zilisogea hadi mlangoni, zikasimama.

Komeo likafunguliwa. Akoth alisimama pale, mtoto mgongoni, uso hauna kitu. Papo hapo joto likampiga Omolo mgongoni kama jiko lililofunuliwa, na gereji ikarudi kuwa gereji. Sakafu ilikuwa kavu.

Lakini Akoth hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama chini.

Nyayo zenye maji zilitoka mlangoni pale, zikapita katikati yao, zikavuka ua. Nyayo ndogo, za polepole. Zilipanda ngazi ya nyumba, zikaingia sebuleni.

Mama Keziah, ambaye hata akiwa hai hakuivunja mila, alikuwa ameingia kwa mkwe wake.

Akoth alizifuata hadi kizingitini. Hewa ya baridi ikampiga usoni, akavuta harufu ya tumbaku, akafumba macho. Aliingia, akatoka na blanketi na chupa ya mtoto.

"Unaenda wapi?" Omolo alinong'ona.

"Gereji. Mlango nitauacha wazi."

"Na mimi je?"

"Wewe uko na mgeni."

Omolo aliingia. Kiti cha wageni, kile alichokalia Mzee Wakhungu, kilikuwa kimelowa. Alikaa mbali nacho, ukingoni mwa kochi, macho chini. Mtu hawezi kulala mbele ya mama mkwe wake.

Hajalala hadi leo.