Paka Juu, Usikwangue

Nyumbani wananiita Bi Sabuni, na nimeshazoea. Nikipewa kikombe nakisuuza kwanza, hata kama kimetoka kabatini sasa hivi, na wifi yangu hununa kila mara kana kwamba nimemtukania mama yake. Lakini kinyaa changu si cha maringo. Nafua mashuka ya hospitali, huu ni mwaka wa kumi na moja, na mashuka hayo huja na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa. Nimewahi kushika usaha kwa glavu iliyotoboka, nikanawa, nikaenda kula chakula cha mchana. Nayasema haya mapema ili nikifika pale nilipotapika, mjue kwamba mimi sitapiki ovyo.

Yaliyotokea yalitokea uani kwa kaka yangu, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Kaka ni fundi wa kunyoosha bodi za magari na kuzipaka rangi. Ana binti mmoja tu, Kidoti, tuliyempa jina hilo kwa ajili ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake. Alipatikana baada ya miaka tisa ya kungoja, kwa hiyo akipiga chafya nyumba nzima inasimama. Wakati huo zilikuwa zimebaki wiki mbili atimize miaka mitatu, na kwetu mtoto akifika miaka mitatu hurithishwa baiskeli ya baba.

Ni baiskeli ya magurudumu matatu, chuma kitupu kuanzia usukani hadi kiti, nzito kuliko inavyoonekana. Baba aliipanda utotoni mwake, kisha tukaipanda sisi. Kila mtoto alipofikiwa na zamu, ilipakwa rangi mpya juu ya ile ya aliyemtangulia. Ya baba ilikuwa bluu, ya kaka nyekundu, na mimi kitinda mimba nikapata njano. Ndivyo tulivyoambiwa, na hatukuwa na sababu ya kuhakikisha.

Jumamosi mama akatuita tuitoe stoo kwake. Ilikuwa imefungwa kwenye gunia, na nilipolifungua nikaona njano yangu imetoka malengelenge, makubwa kwa madogo, usukani mzima. Mama aliyaonyesha kwa kidole bila kuyagusa. Akamwambia kaka aipanguse kwa kitambaa kikavu, aipake zambarau, rangi anayoipenda Kidoti, basi.

"Paka juu tu," akasema. "Usikwangue."

Sasa, ukitaka kumkera kaka yangu, mpakie rangi juu ya uvimbe. Ataota usiku. Akamweleza mama, kwa ule upole unaoudhi wa mtu anayejua kazi yake, kwamba rangi ikivimba kuna ugonjwa chini yake, na dawa ni kuukwangua mpaka chuma kionekane. Mama akarudia maneno yale yale, safari hii bila kumtazama usoni. Kaka akajibu "sawa mama", ile sawa ya kumtoa mtu mlangoni. Mama alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kuanua nguo zake. Angetueleza sababu siku ile, leo nisingekuwa na la kuandika.

Jumapili nikaenda kumsaidia. Wifi alikuwa zamu kazini, na Kidoti amelala ndani na chupi tu kwa ajili ya joto. Kaka alitandaza magazeti, akaigeuza baiskeli miguu juu, akaipaka dawa ya kulainisha rangi, akaanza na kisu chake kipana. Njano ilitoka vipande vipande. Nikauona utoto wangu unakunjamana na kudondoka gazetini, wala haikuniuma, maana kila kipande kilichotoka kilifuatwa na harufu. Haikuwa harufu ya dawa. Nikasogea nyuma kidogo, kaka akanicheka, akaniuliza kama Bi Sabuni anahitaji kiti cha wagonjwa.

Ikaja nyekundu, rangi yake. Hapo akachangamka, akanionyesha palipobonyea siku alipougonga ukuta wa jirani akapigwa na wote wawili, jirani na baba. Aliikwangua huku anapiga mluzi. Chini ya nyekundu tulitegemea bluu.

Kulikuwa na nyeupe.

"Hii ya nani?" akauliza.

Nikamwambia labda ni rangi ya msingi. Akatikisa kichwa. Rangi ya msingi ikikwanguliwa hulia, alisema, na hii haikulia. Kisu kilizama. Kaka alikivuta taratibu, na ile nyeupe ikaja nzima nzima, laini, kama utando wa maziwa. Chini yake palikuwa pamelowa. Maji mazito ya manjano yakachuruzika kwenye bomba la usukani, yakadondoka gazetini, na gazeti likakunjamana. Nilinyoosha kidole nikayagusa. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya kazi.

Yalikuwa ya uvuguvugu.

Harufu ile naijua. Bandeji ikisahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki nzima, ukiufungua mfuko ndiyo inayokupokea. Nikamwambia kaka aache. Akasema ni gundi, gundi za zamani zilipikwa kwa mifupa ya wanyama, ndiyo maana zinanuka. Mkaidi yule. Akafika kwenye mshikio wa kulia, akaupasua kwa ncha ya kisu, akaivua ile nyeupe kama mtu anayevua glavu. Akaigeuza ndani nje.

Ndani ilikuwa na mistari. Mistari mitatu mirefu, ile ile niliyo nayo mimi kiganjani na wewe unayo, ila midogo. Na kwenye ncha tano kulikuwa na vile viduara vya alama za vidole. Juu yake, upande wa nyuma ya mkono, vinyweleo.

Nilitapikia ndoo ya maji ya msasa. Nilitapika mpaka ikabaki nyongo. Kaka alikitupa kile kitu, akajifuta kwenye suruali, akajifuta tena, akakimbilia bombani upande wa pili wa nyumba. Nilisikia maji yakifunguliwa. Nilikuwa bado nimeinamia ndoo niliposikia magurudumu yakilalamika.

Baiskeli ilikuwa imesimama wima. Sijui nani aliisimamisha. Mimi sikuisimamisha. Kidoti alikuwa ameikalia, na chupi yake tu, mapaja yake juu ya kiti ambacho kisu kilikuwa bado hakijakifikia. Njano na nyekundu zote za kiti zilikuwa zimedondoka zenyewe. Mtoto alikuwa amekaa ukingoni kabisa, mtu anavyokaa akigawana kiti na mwenzake.

"Shuka," nikamnong'oneza. "Njoo kwa shangazi."

Akaweka kidole mdomoni kunitaka nisipige kelele.

"Dada amenipisha," akasema.

Nikamvuta. Hakutoka. Nikamvuta tena. Mapaja yake yalikuwa yamenata, na yalipobanduka yalitoa ule mlio wa plasta inayong'olewa. Nikamgeuza haraka nikitegemea damu. Hakukuwa na kidonda, wala mchubuko, wala unyevu. Nikatazama kiti. Kilikuwa bluu, kikavu, safi. Nyeupe yote ya pale haikuwepo.

Kaka alimpigia mama simu. Alifika baada ya muda mfupi, mguu mmoja na kandambili ya bluu, mwingine na ya kijani. Hakutusalimia.

"Mmefika nyeupe?"

Tukamwonyesha. Akakaa chini, palepale kwenye mchanga. Alisimulia kwa sauti ndogo sana, akitazama miguu yake. Kabla ya kaka kulikuwa na mtoto wa kike, ambaye hatukuwahi kutajiwa. Baiskeli ilipakwa nyeupe kwa ajili yake, na hakutaka kushuka. Kisha ngozi yake ikaanza kubaki pale. Kwanza viganja, halafu mapaja. Madaktari walitoa mafuta ya kupaka. Mama alisema siku ya mwisho hakukuwa na mahali pa kumshika.

Wiki iliyofuata mazishi, nyeupe ikavimba. Mama mkwe wake ndiye aliyemwambia la kufanya: isitupwe, isigawiwe, isikwanguliwe. Ikivimba, paka rangi juu. Aliyemo akifunikwa anatulia, akifunuliwa anatafuta ngozi nyingine. Bibi hakusema ilianzaje, na mama hakuuliza.

Nilikasirika. Nikamuuliza aliwezaje kutupandisha kitu kile, mimi na kaka, huku anajua.

"Nilitaka awe na wa kucheza naye," mama akasema.

Hilo lilinitia kichefuchefu kuliko maji yale, na niliona aibu, kwa sababu alikuwa analia. Kaka alimkabidhi Kidoti kwangu, akachukua bomba la kupulizia, akaipaka zambarau juu ya kila kilichobaki. Kwenye bluu, kwenye vipande vya nyeupe, kwenye nyekundu. Kazi ilikuja nzuri ajabu. Haikuchuruzika popote. Iling'aa.

Mama akaisogelea. Akaibonyeza kwa kidole, mara ya kwanza kumwona akiigusa. Ilikuwa ngumu, laini, baridi. Alizunguka akaibonyeza pote. Kisha akafika kwenye kiti.

"Nani amekaa hapa?"

Mimi nilikuwa nimempakata Kidoti, na mama alimtazama Kidoti mapajani, halafu akanitazama mimi.

"Imeshika vizuri mno," akasema. "Hayumo."

Baiskeli hiyo sasa iko sebuleni kwa kaka, karibu na televisheni. Wageni huisifia, na wifi hujigamba kwamba mume wake ana mikono ya dhahabu. Hatukumwambia neno. Kidoti hajawahi kuiomba. Hupita pembeni yake kama mtu anayepita kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Kilichomo chini ya bluu hatujui, na kaka hajapagusa tena.

Miezi miwili baadaye wifi aliniachia mtoto Jumamosi. Nilipomwogesha nikaona kigaga gotini. Wifi alikuwa amenieleza kwamba Kidoti alianguka kwenye ngazi, hakulia, wala hakutoka damu, mtoto jasiri yule. Nikakisugua taratibu kwa kitambaa cha sabuni. Kigaga kikatoka.

Chini yake palikuwa peupe.

Si weupe wa mfupa, mfupa nimeuona. Ilikuwa nyeupe ya kung'aa. Nikapagonga kwa ukucha. Palilia, mlio mkavu wa bati. Pembeni, pale ilipokutana na ngozi, palikuwa pamelowa, na ile harufu ikanipanda puani hadi machozi yakanitoka. Nilitaka kuona imeishia wapi. Niliweka ukucha ukingoni, nikauinua kidogo tu.

Kidoti akanishika kidole. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akasogea sikioni kwangu.

"Usimkwangue, shangazi."

Sikutapika safari hii. Nilimkausha, nikamvalisha, nikaenda stoo ya kaka. Kopo la zambarau lilikuwa limebaki robo. Nilitumia brashi ndogo. Nilipaka goti lile nyumba ikiwa kimya, nikipuliza ikauke, na yeye alitulia kunitazama kama anayekatwa kucha. Ilishika vizuri.

Wifi aliporudi akaona. Akauliza kama nimempaka ile dawa ya zambarau ya vidonda. Nikasema ndiyo. Akanishukuru, pengine kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu.

Basi kila Jumamosi naenda kwao, na sasa hata kikombe sikisuuzi, nanywa tu. Goti la pili nililipaka mwezi uliopita. Viganja nilivipaka wiki mbili zilizopita, wifi akaambiwa ni ugonjwa wa ngozi wa watoto, utaisha. Kaka anajua. Hununua makopo na kuyaacha stoo, mfuniko umelegezwa tayari, na hatujawahi kuzungumza habari hiyo. Mama hataki kuja.

Leo ilikuwa Jumamosi. Nilimvua gauni ili nimwogeshe. Mgongo mzima, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, ngozi yake ilikuwa imetoka malengelenge, makubwa kwa madogo.

Na kopo limebaki moja.